Duka Lililofunguliwa kwa Fatiha

Ndani ya tramu ya Aleksandria, Bi Inshirah alimweleza msichana wakili aliyeketi karibu naye kuwa mtoto wa mbia wake, marehemu Zeinat, ameliandikisha duka lao la achari kwa jina la huyo mtoto peke yake.

"Mlikuwa na mkataba, mama?"

"Tulisoma Fatiha, mwanangu, tukala samaki, tukafungua mlango. Siku hizo neno lilitosha. Miaka thelathini hatukununiana!"

"Fatiha ni baraka, mama, ila mahakamani wanataka muhuri. Mashahidi je?"

"Mungu kawachukua wote."

"Basi tafuta leseni, bili ya umeme, chochote chenye jina lako."



"Karatasi alishika Zeinat," akasema taratibu. "Mimi nilikuwa wa kuonja chumvi."

Tramu ikasimama.