Melenaite Fonokalafi (1974–2024), Aliyelia Nyuma ya Kioo

Marehemu Melenaite alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 katika kijiji cha Kolovai, Tonga, binti wa kwanza wa mzee Sateki na mama Lesieli. Alisoma hapo kijijini, kisha mji mkuu, Nuku'alofa, alikomaliza sekondari mwaka 1992. Tangu utotoni, mkeka ukipinda hata ukindu mmoja, aliufumua wote.

Mwaka 1996 alihamia Sydney, akafanya kazi ya kuwatunza wazee hadi maradhi yalipomzuia. Hakuchelewa zamu, wala hakumvumilia aliyechelewa. Mwaka 1999 aliolewa na bwana Paula Fonokalafi, wakajaliwa binti mmoja, Lupe.

Mwaka 2015 aligunduliwa kuwa na lupus, ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenye mwili. Vidonge vilishindwa, figo zikachoka. Mwaka 2020 alianzishiwa dripu ya dawa inayoziondoa seli B, chembe za damu zinazotengeneza silaha za kinga, zile zilizokuwa zimemgeukia. Figo zikapata nafuu, lakini mwili ukabaki bila mlinzi. Daktari akamkataza umati na mabusu. Kwa Mtonga, hilo ni kuambiwa asiishi na watu.

"Nataka nimwone Lupe akimaliza chuo," alisema. "Mengine yatasubiri."

Mwaka 2022 alifariki Semisi, mtoto wa kaka yake. Kwa desturi yetu, shangazi hukaa kichwani pa maiti. Melenaite alikaa garini, nje ya kanisa. Shangazi yake Vika akaja kugonga kioo.

"Wee Mele, umekuwa malkia? Mtoto hana wa kukaa kichwani pake."

"Shangazi, nikiingia humo, wiki ijayo mtanizika mimi."

"Basi lia tukusikie."

"Nalia. Kioo kimefungwa."

Walimwita mwenye maringo. Ijulikane leo: hayakuwa maringo, ulikuwa utii. Na anayemtembelea mgonjwa huku akificha kikohozi kwa kuona haya, huyo hana adabu.

Lupe alihitimu Desemba 2023. Mama yake alikuwepo, kiti cha nyuma kabisa, barakoa usoni, akipiga makofi kuliko wote.

Juni mwaka huu alipata homa ya mapafu. Alikoitoa hakujulikani. Alifariki hospitalini tarehe 18, mkono wake mkononi mwa Paula.

Ameacha mume, binti, kaka mmoja, na shangazi Vika, ambaye tangu asubuhi amekaa kichwani pake.

Masharti ya daktari yamekwisha. Kila aliyejizuia miaka yote hii, na aje sasa ambusu. Kisha tumwache alale, mikononi mwa Mungu wake.