Swali Lililorukwa

Fundi cherehani alijifanya anatazama nje ya dirisha la basi, kumbe masikio yote yalikuwa kiti cha mbele. Pale mama mnene, mpishi wa shule, alikuwa akimsimulia mzee mwembamba, aliyetafuna karanga tangu stendi, jinsi kliniki ilivyompima uraibu wa chakula kwa karatasi ya maswali.

"Eti, unawaza chakula siku nzima? Nikajibu ndiyo. Napikia watoto mia nne, niwaze nini, mpira?"

"Basi wewe mraibu," mzee akatoa hukumu, akafungua pakiti ya pili.

"Eti, umewahi kujaribu kuacha ukashindwa? Kuacha kula, baba? Waliofaulu wote tumeshawazika."

Fundi akabana kicheko. Tepu yake ilikuwa imepima viuno vya kila namna, na haikuwahi kumuuliza mtu swali.

"Yote uliyajibu?" mzee akauliza.

"Nililiruka moja tu, lile la kula kwa kujificha."

"Lilikuwa gumu?"

Mama akakusanya mkoba wake. "Miwani niliisahau nyumbani. Aliyekuwa akinisomea ni binti yangu."

Mzee akaacha kutafuna. Basi likasimama, mama akashuka.