Mama Kigingi na Chemchemi Saba: Maisha ya Dada Yetu, 1953–2024

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wanafunzi wake mlioanza safari jana ili mfike hapa kwa wakati, familia inawashukuru. Nimepewa kazi hii ya kusoma kwa sababu mimi ndiye mdogo wake wa mwisho, na kwa sababu, kama alivyokuwa akisema mwenyewe, katika nyumba yetu ni mimi peke yangu ninayesoma bila kukimbiza koma.

Dada yetu alizaliwa alfajiri ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa pili kati ya sita. Baba alikuwa mkulima wa mboga na mama alishona magunia. Alichelewa kusema hata watu wakaanza kunong'ona. Mama alitusimulia kwamba siku moja, akiwa na miaka mitatu, alimwambia baba kwa sentensi nzima kuwa mtaro wa bustani umepinda. Baba alicheka, kisha akaenda kuupima kwa kamba. Kweli ulikuwa umepinda.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1967, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, alikomaliza mwaka 1971. Huko aliadhibiwa mara moja tu. Waliambiwa wafyeke nyasi za ukingo wa mto, kila mmoja na kipande chake, naye akakataa kwa adabu, akieleza kuwa nyasi zile ndizo zinazoshika udongo. Mwalimu wa zamu akamwongezea adhabu. Mvua zilipokuja, ukingo wote ukamomonyoka isipokuwa kipande chake. Mwalimu hakuomba radhi, lakini mwaka uliofuata hakuna aliyefyeka. Mwaka 1973 aliingia chuo cha upimaji ardhi, msichana pekee kati ya wanafunzi ishirini na watatu, na akahitimu mwishoni mwa 1974.

Januari 1975 aliajiriwa ofisi ya ardhi ya wilaya kama msaidizi wa mpima ardhi. Alikuwa akipita mitaani na furushi la vigingi begani, na watu wakamwita Binti Kigingi. Alipopata mtoto akawa Mama Kigingi, na jina lake la kubatizwa likabaki kwenye vyeti. Alitumika miaka thelathini na mitatu, hadi tarehe 31 Machi 2008. Ugomvi wa mipaka aliousuluhisha hauhesabiki. Wapo majirani wawili hapa leo wanaosalimiana kwa sababu yake, na wanajijua.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na fundi saa aliyekuwa na kibanda kando ya posta. Walijuana kwa ugomvi. Dada alipeleka saa yake ya mkononi, ikatengenezwa, ikasimama tena, akairudisha mara tatu huku sauti yake ikipanda kila mara. Shemeji alikuja kukiri miaka mingi baadaye, mbele ya watoto, kwamba mara ya kwanza saa ilikuwa mbovu kweli, lakini mara ya pili na ya tatu ni yeye aliyeilegeza. Mungu aliwajalia binti mmoja na mwana mmoja, na wakamlea pia mpwa wetu kama mtoto wao wa tatu. Shemeji alitangulia mwaka 2012.

Wengi walidhani akistaafu atapumzika. Mwaka 2009 alijiunga na chama kidogo cha kutunza bonde lililo juu ya mji wetu, bonde lenye chemchemi saba zinazotiririkia mto tunaokunywa. Ofisi ya chama ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, chenye meza moja, ramani aliyoichora kwa mkono, na viti vitatu, kimoja cha kuegemezwa ukutani ili kisianguke. Mwaka uliofuata chuo kikaomba kuleta wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Alikataa. Alimwambia mwenyekiti kwamba yeye si yaya. Wanafunzi wawili wakaja hivyo hivyo, barua mkononi. Akawapa majembe wakazibe makorongo, akitumaini watakimbia. Baada ya wiki mbili walikuwa bado wapo, mikono imetoka malengelenge, wakiuliza kwa nini mawe yapangwe kwa kukingama na si kwa kufuata mteremko. Jioni ile alimpigia simu binti yake na kumwambia kuwa amepata watu wanaouliza maswali.

Tangu hapo hadi mwaka jana aliwapokea wanafunzi mia moja na kumi na wanane, mbali na wakazi waliojitolea siku za Jumamosi: mwuza vitabu, wauguzi, dereva wa lori la mchanga. Hakumung'unya maneno nao. Mwanafunzi aliyekuja na viatu vyeupe aliulizwa kama kuna harusi.

Jambo moja hatuwezi kuliacha. Mwaka 2015 kampuni moja iliomba kibali cha kuchimba kokoto ndani ya bonde. Chama kilipinga, shauri likafunguliwa, nao wasikilizaji wake wakataka ushahidi kwamba chemchemi zile zina maji mwaka mzima. Kwa wiki mia moja na nne wanafunzi walizizunguka zote saba kila Jumanne, wakiweka ndoo ya lita kumi na kuhesabu sekunde hadi ijae. Shauri likapangwa kusikilizwa tarehe 21 Septemba 2017.

Siku mbili kabla, mwanafunzi mmoja tuliyemzoea kwa jina la Mpole alikuja nyumbani kwa dada. Alisimama mlangoni mwa jiko, akakataa kiti. Alisema kwamba kwenye chemchemi ya saba, aliyopangiwa yeye, kuna mbwa wa kambi ya kampuni, walishamkimbiza mara mbili, na kwa wiki sita hakuthubutu kufika. Alikuwa akiandika tarakimu za kubuni.

Binti wa dada alikuwepo. Anasema mama yake aliacha kisu alichokuwa akimenyea viazi, akauliza ni wiki zipi, akaziandika. Kisha akamwambia Mpole aketi anywe chai.

Mwenyekiti alipopata habari roho ilimruka. Alimsihi dada anyamaze: wiki sita kati ya mia na nne, za chemchemi moja tu, nani atajua?

"Nitajua mimi, na mtoto huyu atajua," dada alimjibu. "Na wewe sasa unajua. Tayari tuko wengi."

Siku ya shauri alisimama kabla ya mtu yeyote kumwuliza. Akasema wiki sita za chemchemi ya saba hazikupimwa, akazitaja moja moja, na akasema kosa ni lake, kwa kuwa msimamizi ni yeye na hakwenda kuhakikisha. Hakumtaja Mpole. Wakili wa kampuni aliomba ushahidi wote utupwe, na kwa nusu saa bonde lilikuwa kama limekwenda. Waliokuwemo wanasema dada alikaa na mikono mapajani, na kwamba hajawahi kuonekana mzee kama saa ile.

Wasikilizaji wakaamua kwamba chemchemi zote zipimwe upya kwa miezi minne, pande zote mbili zikiwepo. Wanafunzi wa zamani walirudi kwa zamu, wengine wakiomba ruhusa makazini. Chemchemi ya saba dada aliichukua yeye mwenyewe, akiwa na miaka sitini na minne, pamoja na Mpole, na mfuko wa mifupa kutoka buchani. Wiki ya kwanza mbwa walibweka. Wiki ya tano walikuwa wakiwafuata njia nzima, kwenda na kurudi, na dada akamlalamikia fundi wa kampuni aliyeongozana nao: "Hawa nao wamekuja mafunzo kwa vitendo, ila hawana barua ya chuo." Fundi yule alicheka hadi akamwaga ndoo, ikabidi wapime tena.

Vipimo vipya vilikubaliana na vya zamani, na fundi wa kampuni akavitia saini. Februari 2018 ikaamuliwa kwamba bonde lisichimbwe wala kujengwa. Mpole alimaliza chuo, na leo ndiye anayewapokea wanafunzi wapya katika kile chumba cha nyuma ya duka, ambacho sasa kina viti sita.

Machi 2022 dada alipatwa na kiharusi kilichomnyang'anya mkono wa kulia. Alijifundisha kuandika kwa wa kushoto, na akasema mwandiko wake umekuwa kama wa daktari. Wanafunzi walimtembelea kila Jumanne, wakamsomea vipimo, naye akawasahihisha hesabu akiwa amelala. Mwaka huu moyo ulianza kuchoka. Hakulalamika. Muuguzi aliyemtunza alituambia hajawahi kupata mgonjwa aliyeuliza maswali mengi hivyo kuhusu bomba la maji la hospitali. Aliaga dunia Ijumaa, tarehe 9 Agosti 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake, akiwa na miaka sabini na mmoja. Siku mbili kabla alinivuta karibu. Nilidhani ananiachia wosia. Aliniambia kuwa ameishi vizuri, na kwamba nikisoma nisikimbie.

Ameacha binti, mwana, na mpwa aliyemlea, mkwe mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wajukuu watano, kaka mmoja, dada wawili, na mimi. Ameacha pia vijana mia moja na kumi na wanane ambao hakuwazaa, lakini aliwafokea sawasawa na aliowazaa.

Dada, tumesoma polepole. Mungu akupokee, na ulale kwa amani.