Sindano ya Kupumzika Jumla
Ndani ya basi, muuguzi aliyekaa mbele yangu alimweleza jirani yake, mama fundi cherehani, kwamba babu mmoja wodini alimwomba sindano ya kumpumzisha jumla, asiamke tena.

"Ukamjibuje, mwanangu?"

"Nikamwambia, babu, mkono huo sina. Nikamwita daktari, akamwongezea dawa ya maumivu, nami nikakaa naye mpaka akalala. Leo kaamka anagomba chai haina sukari!"

Wakacheka. Mimi nikajifanya natazama nje.

"Na maumivu yakirudi?"

"Nitakaa naye tena."

"Ungekuwa wewe kitandani?"

Muuguzi akatundika mkoba begani. "Ningeomba kama yeye, mama. Halafu ningetaka nikataliwe."

"Makubwa! Na ukikubaliwa?"

Basi likasimama. Muuguzi akashuka huku akicheka, mama fundi akimwita dirishani, "We binti, hujanijibu!"