Kasili ya Diriye

Kijiwe chetu kiko Burao, nyuma ya soko la ngamia, pale Kaltun anapouza chai ya maziwa. Benchi letu lilikuwa ubavu wa lori kabla lori halijapinduka njia ya Berbera. Kila alasiri ni sisi wale wale: Guled Redio, ambaye hazimiki, Hirsi Sikio, ambaye ngamia alimwachia moja tu, na mimi Kipara, sina haja ya kujieleza. Kwetu hapa mtu haitwi jina alilopewa na mama yake, anaitwa kasoro yake mpaka siku ya kuzikwa. Sisi tumezoea. Aliyeshindwa kuzoea ni Hibak, binti wa mwenzetu Diriye, mwenye miaka kumi na minne. Chunusi zilimjaa usoni, shuleni wakamwita Mtama, na kwa wiki mbili akajifungia ndani akisema masomo basi. Jumamosi ulikuwa mtihani. Mama yake, Mungu amrehemu, angemtwangia kasili, ule unga wa majani ya mkunazi ambao wanawake wetu hunawia uso. Diriye alijua kuendesha lori tu. Lakini aliapa mbele yetu kwamba ataitengeneza kasili hiyo kwa mkono wake, na mtoto atakwenda kwenye mtihani.

Basi Ijumaa, baada ya swala, akatutokea amejizungushia kilemba uso mzima, yamebaki macho. Tukadhani ni jino linamuuma. Akakaa, akakifungua.

– Diriye, ndevu zinaishia wapi? Hirsi akauliza. Maana naona rangi moja tu, kuanzia kidevuni hadi kwenye paji.

Kweli. Alikuwa mwekundu wa machungwa uso wote, mpaka kwenye kope.

– Ni kasili ya marehemu, ilibaki kwenye kopo, Diriye akasema. Nimeijaribu kwangu kwanza. Siwezi kumpaka mtoto kitu nisichokijua.

– Ulikaa nayo muda gani?

– Tangu chai ya asubuhi hadi kukaribia swala. Nikaona ikikaa sana ndiyo itafanya kazi sana.

Tulicheka mpaka benchi likalia. Mimi pia nilicheka, sitaki kudanganya. Kisha Guled akajifuta machozi na kufungua stesheni.

– Tatizo ni jua. Majani yakianikwa juani yanakunywa moto, halafu yanautema usoni kwa mtu.

– Jua gani, Hirsi akamkata. Kuna mkunazi dume na mkunazi jike. Huyu kajipaka dume. Dume kwa dume lazima wapigane.

– Sikiliza wewe wa sikio moja. Mkunazi unamjua anayeutwanga. Tangu dunia iumbwe unashikwa na wanawake. Leo umeguswa na mwenye ndevu, ukaona haya. Hiyo mnayoiona si rangi, ni haya ya mti.

– Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Hirsi akasema kwa huzuni.

– Mguu umeingiaje hapa? nikamuuliza. Na mkuu ni nani?

– Mkuu ni mimi.

– Ulimwambia nini?

– Sikumwambia kitu. Lakini angesikia.

Guled alikuwa ameshafika kwenye mwezi na nyota, anatueleza kwamba Alhamisi usiku mizizi hubadilishana majani, ndipo Kaltun akaweka birika chini.

– Diriye, ulipoikoroga na maji ilitoa povu?

– Haikutoa.

– Kasili hutoa povu. Wewe umejipaka hina ya ndevu zako.

Diriye akajishika ndevu. Makopo mawili kwenye rafu moja, unga wa kijani na unga wa kijani. Marehemu, ndiye aliyekuwa akimpaka hina, alikuwa akiyatofautisha kwa harufu, na mumewe hakuwahi kunusa hata kopo moja.

– Shangazi, ulijua tangu alipokaa, Guled akalalamika. Mbona umenyamaza?

– Mlikuwa mnafundisha.

Kaltun akamweleza Diriye pale pale, polepole, kama anayemwelekeza dereva mgeni. Achague majani yaliyokaukia kivulini, yawe bado kijani. Ayatwange, ayachekeche kwa kitambaa chepesi mpaka unga uwe laini, kwa sababu chembe zitamkwaruza mtoto. Akoroge na maji na mtindi kijiko kimoja, apake, na ikianza kukaza anawe, asingoje ipasuke. Wala asitegemee uso mpya kesho asubuhi. Ni kazi ya wiki na wiki.

– Kinu ninacho, akamaliza. Kitambaa sina.

Diriye alikitazama kilemba chake. Kilikuwa kitambaa chepesi hasa, na ndicho pekee kilichomficha. Akamkabidhi Kaltun, akainuka, akaelekea sokoni uso wazi.

Tulijua alipo kwa kicheko cha watu. Kilianza kwa wachinjaji, kikahamia kwa wauza maziwa, kikakaa muda mrefu kwa akina mama wa majani. Akarudi na mfuko, akashika mchi. Alitwanga bila kupumzika, jasho likimtiririka kwenye ule wekundu, na nikamwonea wivu, sijui kwa nini. Akachekecha kwa kilemba. Akatia unga na maji kidogo kiganjani, akasugua, povu likatokea. Akatuonyesha, mmoja mmoja.

Hapo ndipo Hibak alipofika, shela imemfunika mpaka machoni. Habari ilikuwa imeshamfikia nyumbani. Akasimama mbele ya baba yake.

– Aabo, umepita sokoni hivyo?

– Nimepita.

– Hawakucheka?

– Wamecheka sana.

– Wamekupa jina?

– Machungwa, nadhani. Kwa wachinjaji ni Karoti. Bado hawajapatana.

Hirsi akakohoa, akaanza kusema kwamba yeye alikuwa na jina la kumpa zuri kuliko hayo mawili. Guled akamkanyaga mguu. Hibak akatugeukia.

– Ami zangu, nani kati yenu angetoka nje na uso ule?

Guled alifungua mdomo, akaufunga. Hirsi aliangalia kikombe chake, na kilikuwa kitupu. Mimi nilijipapasa kichwa, nikakumbuka miaka minne ninayoshinda na kofia juu yake, hata ndani ya nyumba.

Hibak akachukua ule unga, akaufunga kwenye kilemba. Diriye akanyoosha mkono.

– Nirudishie basi nijifunike, mama. Twende nyumbani.

– Hapana. Kesho unanisindikiza mtihanini, mpaka getini.

– Na uso huu?

– Na huo huo, Aabo. Wakutazame wewe.