Sosi ya Ukurasa wa Arobaini

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena, na wewe kitinda mimba acha kunipepea hivyo, mimi si mkaa. Nimechoka. Nitasema mara moja tu.

Duka la kuku mnalijua, lakini jina lililo juu ya mlango si letu, ni la kampuni, na mimi miaka ishirini na miwili nimekuwa mpangaji wa jina hilo. Siku niliyotia sahihi mkataba nilikabidhiwa kitabu cha viungo na vipimo, nikaahidi kwamba yaliyomo hayatatoka mdomoni mwangu, duka liwe wazi au limefungwa. Ndiyo maana chumba cha kuchanganyia kilikuwa na kufuli, na ufunguo nikalala nao. Kitabu kimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda hiki. Nikishazikwa kirudisheni, msikifungue wala msikipige picha, nawajua.

Sasa lile linaloniuma. Sosi ya pilipili iliyowapanga watu foleni haikutoka kitabuni, ilitoka kwa mama yenu. Mwaka wa tatu biashara ilipolala alinipikia sufuria moja nikaijaribu dukani, na mkaguzi wa kampuni alipokuja akaonja, akalamba vidole, akaniuliza imepikwaje. Nikavimba kichwa. Nikamweleza yote, hatua kwa hatua, naye akaandika, nami sikukumbuka kwamba mkataba unasema lolote jipya litakalobuniwa dukani ni mali ya kampuni na siri yake. Kitabu kipya kilipoletwa, sosi ya mama yenu ilikuwa ukurasa wa arobaini, na mimi mumewe sikuruhusiwa tena kumwambia mtu. Yeye akaacha kuipika hata nyumbani, akasema hapiki cha watu.

Mwanangu wa kwanza, mama yako alipofariki ulikuja kuniomba nikufundishe sosi hiyo, nikakufungia mlango. Ulidhani sina imani nawe. Miaka sita hukunisalimia, na sikukulaumu, ila niliona haya kukwambia kwamba niliigawa kwa sababu ya kusifiwa na mgeni. Nisamehe, baba.

Mama yenu mdogo alijua. Alinijia juu, akaniambia nimeuza mikono ya dada yake, nami nikamfukuza, hajakanyaga hapa tangu siku hiyo. Lakini yeye alijifunza sosi hiyo kwenye jiko la mama yao, kabla sijaoa, kabla ya kampuni, na hakutia sahihi popote. Nimemuuliza wakili, akasema mkataba wangu haumfungi mtu kwa alichokijua mwenyewe tangu zamani. Nilipaswa kuuliza mapema, ila kumwomba yule mwanamke msamaha kulinishinda kuliko maradhi haya.

Ahadi yangu naondoka nayo. Kwangu hamtasikia hata kipimo cha chumvi. Duka mkitaka kufungua, fungueni kwa jina lenu, na msimfiche mwenzenu jambo kama nilivyowaficha mimi.

Nipeni maji... basi, yanatosha.

Jana nilimwomba jirani anipigie simu kwa mama yenu mdogo. Nilisema maneno mawili tu, nikalia, naye akakata. Lakini huyo anayebisha hapo nje namjua, habishi mara mbili. Wewe mkubwa, nenda ukamfungulie. Mpokee mkoba. Mungu awaweke pamoja, wanangu, awape mikono ya mama yenu...

Jikoni kuna vitunguu. Mwambie... sufuria kubwa ya dada yake sikuitupa.