Mamba Hang'ati Tena

Benchi hili ni la kwangu, na nalisema mapema kwa sababu kuna watu wanalikalia utadhani wamerithi. Mimi ni fundi viatu. Nililigongelea misumari mwenyewe ili wateja wakae wakisubiri soli zao. Wateja hawakai. Anakaa Taarifa, fundi redio, ambaye hakuna jambo ambalo hajalisikia mahali. Anakaa Mstaafu, aliyekuwa karani na sasa kazi yake ni kutupinga. Na pembeni, cherehani yake ikigusana na kibanda changu, yuko Mamba: utepe wa kupimia begani, mkasi umening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu niliyompa mimi, na taya zilizompa jina. Mamba alikuwa akikata uzi kwa meno, akitafuna mifupa, akitufungulia soda zote za kijiwe kwa gego. Nasema alikuwa. Asubuhi hiyo muuza kahawa alipotumiminia, Mamba alikishika kikombe chake tu, hanywi.

— Leo narudi kwa daktari wa meno, akasema. Kuchomwa tena.

— Tena! Taarifa akaruka. Ile sindano ya taya? Iliyokulegeza?

— Imeanza kuisha. Jana usiku nimesaga meno. Mama watoto kaamka, kakaa kitandani, kashika mto wake.

Tukaguna wote. Mto ule si mchezo. Kwa miaka mama watoto alihamia na mto huo chumba cha watoto, kwa sababu Mamba akilala meno yanasagana kama mtu anaburuza kabati. Alipochomwa, kimya. Mke akarudi na mto wake, na Mamba akaanza kuja kazini anapiga mluzi.

— Kaniambia: ukichomwa nabaki, usipochomwa mimi na mto wangu kwa watoto, na safari hii sirudi.

— Basi kachomwe, nikasema. Mjadala gani hapo?

— Mjadala ni uzi, ndugu yangu!

Akanyanyua suruali aliyokuwa akiishona, akang'ata uzi, akavuta. Uzi ukatoka mdomoni umelowa mate, mzima.

— Na hapo dawa ndiyo inaisha! Ilipokuwa mbichi hata mkate mkavu ulinishinda, nachovya kwenye chai kama mtoto. Fundi gani mimi, nakaa naguguna uzi kama mbuzi mgonjwa? Wateja wananicheka.

— Kwani walikuchoma nini hasa? Mstaafu akauliza.

— Dawa ya kulegeza msuli. Daktari aliniambia niume meno kwa nguvu, msuli ukatuna hapa chini ya sikio, akachoma hapo hapo. Huku na huku. Anasema inatokana na sumu, ila wanatia kidogo mno, na baada ya miezi michache inaisha yenyewe.

— Sumu! Umekwenda kwa miguu yako mwenyewe kutiwa sumu!

— Tulia, Mstaafu, akasema Taarifa. Hilo nimelisikia kwenye kipindi. Nguvu ya mtu haipotei. Ukiifungia tayani, inahamia kwingine.

— Inahamia wapi?

— Mguuni! Hamuoni siku hizi anavyoikanyaga cherehani? Shati langu kalipitiliza, mshono wa mkono mmoja umefika kiunoni.

— Kitambaa ulileta pungufu, akasema Mamba.

— Mguuni, wapi! Mstaafu akamkata. Imehamia kwa mkewe. Watu wanalala mto kwa mto, nguvu itakosa njia? Eti Mamba, siku hizi nani anatafuna mifupa nyumbani?

Mamba akafikiri kidogo.

— Yeye.

— Umeona!

— Lakini ni mimi ninayempa, maana siiwezi.

— Ndivyo inavyoanza hivyo hivyo!

— Nyie mnafikiria padogo, akasema Taarifa. Dawa hiyo achomwe mbwa wa mwenye nyumba. Tupite uani kwa raha. Akikukamata mguu, anakulowanisha tu.

— Kisha achomwe mwenye nyumba mwenyewe, akadakia Mstaafu. Aje mlangoni kufoka, itoke pumzi.

— Uanze wewe, nikamwambia, kila asubuhi kabla hujafika hapa.

Hawa nawajua. Si uzi unaowauma. Tangu Mamba achomwe kijiwe hakina wa kufungua soda, na chupa zao zimekaa chini ya benchi langu na vizibo vyake.

— Usiende, kaka, akasema Taarifa, sauti imelainika ghafla. Mke atazoea.

— Miaka yote ile hakuzoea.

— Basi chomwa upande mmoja! akasema Mstaafu. Wa kulia ulale na mke, wa kushoto ukate uzi.

Wazo hilo likajadiliwa, wallahi, kwa makini kabisa. Taarifa akauliza Mamba hulalia ubavu gani. Mamba naye, masikini, akaanza kujishika mashavu moja moja, anachagua. Nikapandwa na hasira za kweli; mtu anapoteza mkewe hivi hivi, juu ya benchi langu!

Kabla sijafoka, nikamwona mama mmoja mgeni amesimama na gauni mkononi. Amesubiri muda, na hakuna aliyemsogezea nafasi.

— Samahanini, baba zangu. Kinachowagombanisha ni kukata uzi?

— Ni uzi, mama, akasema Mamba kwa uchungu. Nikichomwa, meno hayakati. Nisipochomwa, nyumba inavunjika.

— Pole sana. Na huo mkasi shingoni ni wa nini?

— Wa kukatia.

— Kukatia nini?

Taarifa akageukia redio isiyo na betri. Mstaafu, ambaye hajawahi kukosa la kupinga, akanywa kikombe kisicho na kitu. Mimi nikainama kutafuta msumari. Kamba ya mkasi ule si ni yangu?

Mamba akaushika mkasi pole pole, akausogeza kwenye uzi wa suruali. Kwich.

— Jana usiku mama watoto kaniuliza hivyo hivyo, akasema. Nikamwambia hajui kazi za watu.

Akalipokea gauni, akamwomba mama arudi alasiri, akafunika cherehani, akaondoka kuelekea kwa daktari, mwendo wa karibu kukimbia.

Muuza kahawa akainamisha birika, yakatoka machicha. Hapo Taarifa akainama chini ya benchi langu, akatoa chupa ya soda, akakigeuza-geuza kizibo.

— Haya. Na hii je?

Tukatazamana, kisha wote watatu tukageuka kumtafuta yule mama. Alikuwa ameshakata kona.